Alichumia Juani, Kivuli Hakukiona

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize. Je, unamjua fundi aliyechimba msingi wa nyumba unayoishi? Wapangaji wa orofa ya juu wanajulikana mtaa mzima, na mwenye nyumba anajulikana hata na watoto kila tarehe tano ya mwezi ikikaribia. Lakini yule aliyeinama shimoni na sururu mkononi hana anayemtaja. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo nataka tuzungumze juu ya waundaji wa namna hiyo, mapande ya watu yenye kilo 140 kila mmoja, ambao siku hizi hulipwa mamilioni ya dola na bado ni wachache wanaowatazama.

Watu hawa ni wachezaji wa mstari wa mbele katika kandanda ya Kimarekani. Najua ukisikia neno kandanda unawazia Gor Mahia na AFC Leopards. Mchezo wa Wamarekani ni mwingine kabisa. Mpira wenyewe umechongoka pande zote mbili mithili ya ule wa raga, hushikwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu na mito mabegani utadhani wanakwenda vitani. Kila timu huwa na watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10, yaani kama mita tisa hivi. Ikifaulu hupewa nyingine nne, ikishindwa mpira huwaendea wapinzani. Fainali yao, iitwayo Super Bowl, hutufikia hapa kwetu saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, wakati ambapo watu wenye akili zao wamelala.

Mimi ni mmoja wa wale wasiolala. Na ninapotazama, macho yangu hayamfuati mrushaji mpira, yule ambaye Wamarekani humwita kwotabeki na ambaye picha zake hubandikwa kila ukuta. Nawatazama watano walioinama mbele yake. Katikati yupo senta, ambaye huupitisha mpira katikati ya miguu yake kumpa kwotabeki. Ubavuni mwake wapo walinzi wawili, na pembeni kabisa wengine wawili. Kanuni za mchezo kwa kawaida haziwaruhusu hata kuudaka mpira uliorushwa mbele. Kazi yao ni moja tu: kumzuia adui. Mpira unapoondoka, watano hawa huinuka na kugongana na mijibaba mingine ya ukubwa wao, kifua kwa kifua na mara nyingi kichwa kwa kichwa, ili kwotabeki apate nukta mbili tatu za kufikiri au mkimbiaji apate mwanya wa kupenya. Wakiifanya kazi vyema, hakuna anayewataja. Wakikosea mara moja, kwotabeki analala chali na uwanja mzima unawazomea.

Kati ya wote waliowahi kuifanya kazi hii, yupo mmoja ambaye habari zake hazinitoki akilini. Jina lake Mike Webster.

Webster alizaliwa Machi 18, 1952, mjini Tomahawk katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Alikulia katika shamba la viazi. Wale wetu wenye jamaa Kinangop wanajua kilimo cha viazi ni kazi ya mgongo na baridi, na baridi ya Wisconsin ni ya theluji. Alichezea Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwaka 1974 timu ya Pittsburgh Steelers ikamchagua. Ligi ya NFL huchukua vijana wa vyuo kwa zamu, timu moja baada ya nyingine, na Webster alikuwa wa 125. Vijana 124 walitajwa kabla yake, kwa sababu walimu wa mchezo waliona umbo lake ni dogo mno kwa kazi ya senta.

Asiyemjua mtu humpima kwa macho. Kijana huyo alichezea ligi hiyo misimu 17, kumi na mitano akiwa na Steelers na miwili ya mwisho akiwa na Kansas City Chiefs. Kwa jumla alishiriki mechi 245. Kuna wakati alicheza mechi 177 mfululizo bila kukosa hata moja. Alitwaa Super Bowl mara nne pamoja na kwotabeki Terry Bradshaw na mkimbiaji Franco Harris, akachaguliwa mara tisa katika kikosi cha nyota wa ligi. Hata theluji ilipodondoka, yeye aliingia uwanjani mikono wazi, fulana imekunjwa hadi mabegani. Mashabiki wa Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, wakambandika jina la Mike wa Chuma.

Sasa nataka utulie tupige hesabu kidogo. Katika mechi moja timu huanza mchezo mara 60 hivi ikiwa na mpira. Kila mara senta hugongana na mtu. Mkimbiaji anaweza kupumzishwa na mdakaji anaweza kukimbia pembeni bila kuguswa, lakini senta hana pa kujificha. Zidisha 60 kwa mechi za misimu 17, kisha uongeze mazoezi ya wiki nzima ambayo enzi zile yalikuwa ya kugongana vivyo hivyo. Hayo ni maelfu kwa maelfu ya mapigo ya kichwa, mengi yakiwa madogo kiasi kwamba mwenyewe huinuka, hujifuta jasho na kurudi mstarini.

Hapo ndipo ilipo siri ambayo watu wengi hawakuijua. Kofia ngumu huzuia fuvu lisipasuke. Kuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu haiwezi. Chukua yai bichi ulitikise kwa nguvu sikioni mwako. Gamba litabaki zima, lakini utahisi kiini kikicheza ndani. Ubongo wetu ni laini, unaelea katika maji yake, na kila kichwa kinaposimama ghafla wenyewe huendelea kusogea.

Webster alistaafu mwaka 1991. Alikuwa na mke na watoto wanne, ana pete nne za ubingwa na jina lililojulikana nchi nzima. Wahenga wetu wanasema mchumia juani hulia kivulini. Kwa haki yote, huu ndio uliokuwa wakati wake wa kukaa kivulini.

Hakukiona kivuli hicho. Fedha zake ziliyeyuka katika biashara zisizoeleweka. Mtu aliyekuwa mpole nyumbani akawa mwepesi wa hasira. Alisahau njia alizozoea kuzipita. Aliandika barua ndefu zisizokuwa na kichwa wala mkia. Meno yake yalipong'oka aliyabandika kwa gundi. Usingizi ulipomkataa kwa sababu ya maumivu, alijipiga kwa kifaa cha umeme, cha aina ile wanayotumia polisi kuwaangusha wahalifu, mpaka azimie. Ndoa ikavunjika. Kuna siku alilala ndani ya gari lake, na kuna siku alilala katika kituo cha garimoshi mjini Pittsburgh, mji uleule uliokuwa ukimshangilia. Mwaka 1999 alifikishwa kortini kwa kughushi karatasi za daktari ili apate dawa. Mmoja wa wanawe wa kiume, akiwa angali kijana mdogo, ndiye aliyehamia kwake kumtunza, akawa baba wa baba yake.

Msomaji wangu, hebu fikiria jinsi jambo hili lilivyoonekana nyumbani kwake. Mume anapotea siku kadha, anarudi bila maelezo, bili hazijalipwa, anafoka kwa jambo dogo. Jirani atasema nini? Katika mitaa yetu tungesema ameanza pombe, au ana mwanamke wa kando, au amerogwa. Hakuna ambaye angesema ubongo wake unaugua. Jamaa zake waliona kwamba mtu wao amebadilika, na hawakujua kilichombadilisha.

Julai 1997 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mjini Canton, jimbo la Ohio. Bradshaw ndiye aliyemjulisha kwa umati, kisha akamwomba ainame kama zamani, akiwa amevaa suti yake, ili ampokee mpira mara moja ya mwisho. Watu walicheka na kushangilia. Webster aliposhika maikrofoni, hotuba yake ilienda ikipotea na kurudi kwa dakika zaidi ya 20. Waliokuwa karibu naye walijua kwamba kuimaliza tu ulikuwa ushindi.

Alifariki Septemba 24, 2002, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka 50.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maiti yake ilipelekwa katika ofisi ya uchunguzi wa vifo mjini Pittsburgh, na daktari aliyekuwa zamu alikuwa Mwafrika mwenzetu, Bennet Omalu. Huyu alizaliwa nchini Nigeria mwaka 1968, wakati wa vita vya Biafra, akasomea udaktari huko kwao kabla ya kwenda Marekani mwaka 1994. Kandanda ya Kimarekani hakuijua. Labda hiyo ndiyo bahati tuliyopata, maana anayependa mchezo hupata shida kuutilia shaka.

Omalu aliutazama ubongo wa Webster akauona ni mzima. Haukuwa umesinyaa wala kuvimba. Mtu mwingine angetia sahihi na kwenda nyumbani. Yeye alijiuliza inawezekanaje mtu mwenye ubongo kama huu awe aliishi vile. Akauhifadhi, akaukata vipande vyembamba, akavitia rangi za maabara akilipa gharama kutoka mfukoni mwake, akaviweka chini ya darubini. Ndipo alipoona protini iitwayo tau ikiwa imeganda vifundofundo ndani ya chembe za ubongo. Ugonjwa wa kugongwagongwa kichwa ulikuwa umejulikana kwa mabondia tangu mwaka 1928. Katika mchezaji wa NFL, haukuwa umepata kuthibitishwa hivyo. Siku hizi hutajwa kwa herufi CTE.

Omalu alichapisha matokeo yake mwaka 2005 katika jarida la madaktari wa upasuaji wa ubongo. Alidhani ligi itamshukuru. Badala yake, madaktari watatu wa kamati ya NFL waliandika barua wakitaka makala hayo yaondolewe. Alikuwa kijana, mgeni, mweusi, naye anaigusa biashara ya mabilioni ya dola. Jarida lilikataa kuyaondoa. Mgonjwa wa pili aliyemchunguza aliitwa Terry Long, aliyefariki 2005 akiwa na miaka 45 baada ya kunywa kemikali ya gari. Mwingine alikuwa Justin Strzelczyk, aliyekufa mwaka 2004 akiwa na miaka 36, gari lake lilipogonga lori huku akifukuzwa na polisi. Wote wawili walicheza mstari wa mbele wa Steelers. Long na Webster walikuwa wakiinama bega kwa bega.

Mambo yalianza kugeuka polepole. Korti iliamua kwamba hazina ya pensheni ya wachezaji iwalipe jamaa za Webster zaidi ya dola milioni moja, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2006, miaka minne baada ya mwenyewe kuzikwa. Mwaka 2009 ligi ilikiri kwa mara ya kwanza kwamba mitikisiko ya ubongo yaweza kuacha madhara ya kudumu. Wachezaji wa zamani waliishtaki kwa maelfu, na malipo yaliyotokana na kesi hiyo yamepita dola bilioni moja. Mazoezi ya kugongana yakapunguzwa kuanzia 2011, na kuanzia 2022 wachezaji wa mstari wakaanza kuvalishwa kifuniko cha sponji juu ya kofia katika mazoezi ya kabla ya msimu.

Julai 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza kwamba kati ya bongo 111 za wachezaji wa NFL walizochunguza, 110 zilikuwa na CTE. Tusidanganyike na hesabu hiyo: bongo nyingi zilitolewa na familia ambazo tayari zilishuku jambo, kwa hivyo haina maana kwamba kila mchezaji ameambukika. Hata hivyo, si habari ya kuisoma ukatulia.

Siku mbili baadaye, kijana mmoja wa mstari wa mbele wa Baltimore Ravens alistaafu akiwa na miaka 26. Huyu ni John Urschel, naye alichaguliwa katika raundi ya tano kama Webster, mwaka 2014. Urschel alikuwa na shahada ya pili ya hisabati, na alikuwa akicheza huku akisomea udaktari wa somo hilo katika chuo cha MIT. Mwaka 2015 aligongwa mazoezini akapata mtikisiko wa ubongo, na kwa muda hesabu ngumu alizozizoea zikawa zinamkataa. Aliporejea katika hali yake akaendelea kucheza, lakini hatimaye akauacha mchezo. Alipata shahada yake ya udaktari mwaka 2021 na baadaye akawa mwalimu katika chuo hichohicho.

Wanafunzi mnaonisoma, msifikiri namtaja Urschel ili nimdharau Webster kwa kutokuwa na shahada mbili. Webster hakuwa mjinga wala mzembe. Tofauti kubwa kati yao ni kwamba mmoja aliambiwa na mwingine hakuambiwa. Mtu anayeijua hatari akaamua kuikabili kwa ajili ya watoto wake, huyo ni mwanamume na uamuzi ni wake. Mtu anayefichwa hatari hiyo na wanaokula jasho lake, huyo ameibiwa.

Utaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Nairobi, Nakuru na Mombasa? Yanatuhusu. Tuna Mkenya aliyewahi kufika huko, Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyejiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013. Tuna ndondi, na wenye umri wangu wanamkumbuka Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988 na kufia Las Vegas Julai 1994 baada ya pigano. Na tuna raga, inayochezwa katika shule nyingi za upili, ambako wale wa mbele katika skramu hufanya kazi inayofanana na ya Webster, bila kofia.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Muhula uliopita alicheza mechi ya asubuhi, akagongana kichwa na mwenzake, akapepesuka. Alinyweshwa maji, akamwagiwa mengine kisogoni, kisha akarudishwa uwanjani kwa sababu timu ilikuwa nyuma kwa pointi nne. Aliporudi nyumbani wakati wa likizo fupi, dada yangu aliona anaketi gizani na taa hataki. Walipompeleka kwa daktari, aliambiwa apumzike asiguse mpira kwa wiki kadha. Nilipomwuliza mbona hakumweleza mwalimu, alinijibu, "Mjomba, angesema mimi ni mwoga. Halafu nani angeshika skramu?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niyaandike haya. Ndilo jibu la Mike Webster, la kijana wa miaka 16, na wala hajawahi kumsikia Webster. Anayebeba wengine hufundishwa mapema kwamba maumivu yake ni usumbufu.

Daktari Omalu amesema wazi kwamba mtoto asiruhusiwe kucheza kandanda hiyo ya kugongana mpaka afike miaka 18. Mimi sifiki huko. Nimeona vijana wa mitaa yetu waliookolewa na michezo kutoka kwa gundi na magenge, na raga imewalipia wengine karo. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji fedha wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Kanuni za raga duniani zinasema mchezaji akishukiwa kuwa na mtikisiko wa ubongo aondolewe uwanjani mara moja, wala asirudi siku hiyo. Kinachotakiwa ni mwalimu mwenye ujasiri wa kupoteza mechi. Mzazi naye azijue dalili: kichwa kuuma, kutapika, kusahau yaliyotokea, kuchukia mwanga, kusinzia kupita kiasi au kubadilika tabia ghafla. Ukiziona, mpeleke hospitali. Usingoje kesho.

Na kama nyumbani kwako yupo bondia wa zamani au mchezaji wa raga wa miaka ile, ambaye siku hizi anafoka na kusahau, usikimbilie kumwita mlevi. Huenda ni mgonjwa. Ugonjwa wa CTE wenyewe huthibitishwa baada ya mtu kufa tu, lakini daktari anaweza kumsaidia kwa usingizi, maumivu na huzuni angali hai. Webster alilala stesheni kwa sababu kila aliyemwona alidhani anamjua.

Basi Jumamosi ijayo mwanao akirudi kutoka uwanjani, magoti yamechubuka na jezi imejaa matope, usianze kwa kumwuliza nani ameshinda. Mketishe, mpe chai, umwulize kichwa chake kiko vipi. Kisha usubiri jibu.